Barua ya Sifa za Gaspari

Gaspari Kasoga alizikwa Jumanne, na mie nilikaa benchi la nyuma kama mtu aliyekosea msiba. Yustina, binti yake mkubwa, alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza alipiga goti akaniambia, "Shikamoo baba mdogo. Wazee wanasema mliishi nyumba moja na baba, na wewe ni Mzaramo. Tunakungoja. Msiba wa Mnyamwezi bila Mzaramo wa kuuvuruga utaitwaje msiba?" Alikuwa na haki. Mtani anatakiwa alale njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, avae kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake, amwite mwizi, mlafi na mchawi, mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka. Kazi hiyo zamani niliiweza kuliko kazi yoyote niliyolipwa mshahara. Nikamjibu kwamba magoti yananiuma, jambo ambalo ni kweli tangu awamu ya kwanza. Mara ya pili hakupiga goti. Alinitazama tu, akaenda kumtafuta kijana mmoja wa Kizaramo aliyezaliwa juzi, naye akajitupa mbele ya jeneza vibaya sana, kama mlevi wa kwenye sinema, na watu wakacheka kwa kumhurumia. Kisha akasimama msomaji, akasoma maisha ya marehemu: viwanja vya mpira wa kikapu alivyosawazisha kwa jembe lake, vijana aliowafundisha bila kuchukua kitu, wagonjwa wa Temeke aliowabeba begani kabla serikali haijajua kwamba Temeke kuna wagonjwa. Nairobi haikutajwa. Aliyeijua habari ya Nairobi alikuwa benchi la nyuma, anasugua magoti.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao picha ya Mfalme ilishushwa ukutani ofisini kwetu Kurasini ikapandishwa ya Malkia, na kwa kuwa ya Malkia ilikuwa ndogo, kukabaki alama nyeupe ya marehemu baba yake ikimzunguka pande zote. Nilikuwa karani wa bohari katika kampuni iliyopakia katani melini na kupakua kila kitu kingine. Sekondari niliisoma, si mpaka mwisho, lakini mpaka mahali panapotosha mtu kuvaa soksi ndefu na kudharau wenzake. Bohari niliipenda kwa sababu ilikuwa na paa. Mie ni mtu wa ndani, nimekuwa hivyo tangu nijijue. Jumamosi vijana wenzangu walipokwenda dansini, nilijilaza nikasikiliza jinsi walivyojiandaa kwenda, na hiyo ilinitosha. Na kusikiliza kulikuwa rahisi, maana nyumba ya Bi Zainabu kule Temeke, tulikopanga, ilikuwa ya vyumba sita vya udongo ambavyo kuta zake ziliishia katikati ya safari ya kwenda darini. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuambia pole. Nilijua nani kagombana na mkewe, nani anasali, na nani anasema anasali.

Gaspari alikuja humo akitokea Tabora, kijana mrefu kiasi kwamba Bi Zainabu alimpa chumba cha mbele, mlango wake ukiwa umekosewa na fundi ukawa mrefu kuliko mingine. Siku ya kwanza tulikula pamoja kwenye ukumbi, kila mpangaji na sahani yake. Mie nilikuwa na samaki aina ya changu, wa kukaanga, nimemweka pembeni kwa ajili ya mwisho, kama afanyavyo mtu aliyelelewa vizuri. Akaniuliza, "Ndugu, kabila gani?" Nikasema Mzaramo. Alinyoosha mkono ule mrefu, akavuka sahani za watu wawili, akachukua changu wangu, akala mpaka kichwa, akalamba vidole. "Asante, mtumwa wangu," akasema. "Babu yangu alimwachia babu yako kiporo, nami nimekuja kukichukua." Bi Zainabu akacheka mpaka akashika ukuta. Asubuhi yake nilivaa viatu vyake kwenda kazini, vikubwa kama mitumbwi, nikatembea Kurasini nzima navyo, naye akaja pekupeku. Basi tukawa ndugu. Asiyekuwa na mtani hawezi kuijua raha hiyo: mtu mmoja duniani anayeruhusiwa kukuambia ukweli wote na uongo wote, nawe huruhusiwi kununa.

Kampuni ilikuwa imemtoa Tabora kwa ajili ya mpira wa kikapu. Alikuwa amejifunza shule ya misheni, kwa padri aliyepigilia pete kwenye nguzo, na meneja wetu alikuwa ameuona mchezo huo vitani kwa askari wa Kimarekani ukamkaa kichwani. Alitaka kuzifunga klabu za Wahindi za mjini, zilizokuwa na viwanja vya saruji na taa. Sie uwanja wetu ulikuwa nyuma ya bohari, udongo uliomwagiwa oili chafu ili vumbi lilale, na pete ilikuwa mshipi wa pipa. Kwenye karatasi Gaspari alikuwa karani wa kuhesabu marobota ya katani. Marobota niliyahesabu mie. Yeye alilipwa kurusha mpira, na sidhani kama wakati huo Mwafrika mwingine mjini alilipwa kwa jambo la anasa kama hilo. Nilimwambia ni aibu mtu mzima kulishwa kwa kutupa kitu kwenye tundu. Akanijibu, "Na wewe unalishwa kwa kukaa ndani ya tundu."

Nilimwona akicheza mara nyingi, maana walinipa kuandika magoli kwa ajili ya mwandiko wangu. Sijui mchezo wowote na siupendi wowote, lakini nitasema hili: katika klabu moja ya mjini, tulikoingizwa kwa mlango wa jikoni, Gaspari aliruka kona ya kushoto akakaa hewani muda ambao hata sasa nikiufikiria naona haukuwa halali. Wazee wa Kihindi waliokuwa wakitafuna tambuu waliacha kutafuna. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kulalamika, "Huyu iko shuka lini?" Usiku huo tulirudi Temeke kwa miguu, wachezaji kumi na mwandishi mmoja mwenye malengelenge.

Temeke ya wakati ule haikuwa na gari la wagonjwa. Ilikuwa na mkokoteni wa muuza mkaa. Siku moja mama mmoja wa jirani, mjamzito, alipelekwa nao, gurudumu likachomoka kabla hajafika Keko, na hakufika hospitali. Gaspari alikaa ukumbini jioni hiyo bila kula, na hata nilipomnyang'anya sahani hakupigana. Kesho yake baada ya mazoezi aliwaambia wenzake, "Sie kumi tuna mabega ishirini. Yanafanya nini jioni?" Wakaanza kubeba wagonjwa kwa kitanda cha kamba, wanne wanne kwa zamu, kutoka Temeke hadi hospitali ya serikali mjini. Kitanda kilikuwa kizito kuliko wagonjwa. Hapo ndipo nilipofanya tendo jema pekee la mwaka ule, na angalieni lilichozaa. Kwenye kona ya bohari kulikuwa na turubai tatu zilizotoboka, zimekataliwa, zinangoja kuchomwa. Nikamwita mlango wa nyuma. "Chukua, mwizi wewe, kabla panya hawajamaliza." Alizishona kwenye fito za mikoko zikawa machela tatu nyepesi, na kuanzia hapo hapakupita wiki watu wasione vijana warefu wakikata mbio barabara ya Chang'ombe na mtu juu yao.

Mie sikubeba. Ufupi wangu ungemtelezesha mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa barazani na kuwatukana wakirudi.

"Wapagazi hao!" nikapiga kelele. "Babu zenu walibeba pembe hadi Bagamoyo, nyie mnabeba Wazaramo hadi hospitali. Mmepanda cheo au mmeshuka?"

"Tumeshuka," akajibu Gaspari, anajipangusa bega. "Pembe haijinyei njiani."

Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha ikaja barua kutoka klabu moja ya Nairobi. Ilimtaka akacheze kwao, wampe chumba chake, na baada ya msimu mmoja wamsomeshe ualimu wa michezo. Alitusomea ukumbini mara tatu, Bi Zainabu akitaka kila mara irudiwe pale penye chumba. Kwenye ukurasa wa pili wa barua waliandika kwamba kitu kimoja tu kilikosekana: barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wake, kwamba ni mtu mwaminifu. Wakati ule Mwafrika bila karatasi ya mzungu ya kumsema vizuri hakuvuka hata reli. Nilimsikia usiku kupitia juu ya ukuta akijifunza kusema kwa Kiingereza, "I am teacher of games." Nikamwambia kutoka kitandani kwangu kwamba hata ng'ombe wa Tabora wangesema vizuri zaidi. "Lala, mtumwa," akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu. Kuta zile zilipitisha hata hilo.

Barua za namna hiyo ziliandikwa na afisa wa ustawi wa wafanyakazi, mzungu kijana aliyekuja mwaka uleule, tukimwita Bwana Daftari kwa sababu alichoambiwa chote alikiandika. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili na alikizungumza kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kila neno mahali pake. Jumatatu moja akaingia bohari. Gaspari alikuwepo, ameegemea marobota, na makuli watatu wakipumzika.

"Ramadhani," akasema, "wewe waishi nyumba moja na Gaspari. Niambie, yeye ni mtu wa namna gani?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi kuliko sala. Msomaji asiye na mtani atasema, si ungemsifu tu? Lakini mtani hasifiwi mbele yake. Ukimsifu mbele ya watu, watu wanauliza kama mmegombana. Makuli wote watatu walikuwa wameshageuza shingo, wanangoja. Na mie, ambaye sikuweza kucheza, wala kubeba, wala kucheza dansi, hicho ndicho kiwanja changu.

"Huyu?" nikasema. "Bwana, huyu ni mwizi. Turubai zako zimekwenda Temeke kwa miguu yake. Ukimpeleka Nairobi, wapigie simu kwanza wafunge reli kwa mnyororo."

Makuli wakaangua kicheko. Gaspari akaweka mkono kifuani kama shahidi mahakamani. "Kweli tupu, bwana. Turubai nimeiba. Na siku nikiondoka naiba na Mzaramo huyu nikamuuze Ujiji, ila naogopa nitarudi naye."

Tulicheka sote. Bwana Daftari naye alicheka, kidogo, kwa adabu. Kalamu yake iliendelea baada ya kicheko chake kwisha.

Alhamisi alikwenda Temeke na askari wa kampuni. Alizikuta machela zimeegemezwa barazani kwa Bi Zainabu, muhuri wa kampuni unaonekana waziwazi kwenye turubai, maana nani angefikiria kuuficha? Bi Zainabu akadhani mzungu amekuja kuzisifu. Akamletea kiti.

Niliitwa ofisini. Nilisimama chini ya Malkia na alama nyeupe ya baba yake, funguo za bohari zikinining'inia kiunoni. Sitasema niliogopa kufungwa, maana hakuna aliyetaja jela. Niliogopa kupokonywa funguo, nitolewe nje juani kama watu wengine.

"Maneno yako ya Jumatatu," akasema, "yalikuwa ya kweli?"

"Yalikuwa utani, bwana."

"Utani ni nini?"

Nikamweleza, na nilimweleza vizuri: safari za wapagazi, Wazaramo na Wanyamwezi, kuchukuliana vitu, misiba. Alinisikiliza kwa makini, akaandika, akageuza ukurasa. Nilimwona anaanza kuelewa, na moyo wangu ukanyanyuka. Akaniuliza basi, kwa upole kabisa, lile lililofuata:

"Kwa hiyo hakuiba. Basi alipewa. Ni nani aliyempa?"

Angeniuliza kwa ukali labda ningeropoka. Lilikuwa jambo la kusema neno moja, "Mimi," na barua ingeandikwa siku ileile, na mie pengine ningekaripiwa, pengine ningefukuzwa. Nilitazama alama nyeupe ukutani. "Sijui, bwana," nikasema.

Baadaye nilipata habari kwamba Gaspari naye aliulizwa swali hilohilo, kabla yangu. Alijibu kwamba aliziokota jalalani. Alikuwa amekwisha kunificha wakati mie ninajificha.

Kampuni ilimhurumia, ndivyo walivyosema. Hawakumpeleka polisi, walimfuta kazi tu. Nairobi walipelekewa mistari miwili, na Nairobi hawakuandika tena. Turubai zilirudishwa bohari nikazipokea mie, nikaziweka kwenye kona yake ileile, na mwisho wa mwezi zikachomwa pamoja na takataka nyingine kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Moto niliusimamia mwenyewe.

Jioni alipokuwa akifunga mizigo yake nililala chali kitandani, mlango nimefunga, nikisikiliza. Ndiyo, nilikuwa najua kusikiliza. Bi Zainabu alikuwa naye chumbani. Nyumba nzima ilishajua, maana mtu wa kusafisha ofisini kwetu alisikia yote, akawaambia majirani. "Mwanangu," Bi Zainabu akamwambia, "mtani hakasirikiwi. Hata akikuchomea nyumba."

"Najua, bibi. Sijakasirika."

"Basi nenda kamtukane, yaishe."

Nikasikia kamba inakazwa kwenye sanduku. Hakupita kwangu. Na mie nililishika lile neno la Bi Zainabu nikajifunika nalo shuka: mtani hakasirikiwi. Mila ilikuwa imenisamehe kabla sijaomba msamaha, kwa hiyo sikuona haja ya kuomba. Nimeishi ndani ya mila hiyo maisha yangu yote, na paa lake halivuji.

Alihamia Kurasini, akawa kuli wa bandarini. Kutoka mlango wa bohari nilimwona akipita na magunia, mrefu kuliko foleni nzima, na nashukuru Mungu sikuwa na ujasiri wa kusema neno mpagazi. Timu ilikufa ndani ya mwezi mmoja. Wachezaji wawili tu walibaki naye katika kubeba wagonjwa, wamerudi kwenye kitanda cha kamba.

Kaskazi ilipoanza kupuliza, Bi Zainabu alishikwa na tumbo. Asubuhi nilimkuta ukumbini amejikunja kwenye mkeka, uso umekuwa kijivu, na hakuweza hata kunisema kwa kuchelewa kuamka. Muuza mkaa alikuwa safarini na mkokoteni wake. Nikaondoka mbio, mie, kwenda Kurasini, nikamkuta Gaspari na gunia la sukari begani. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yaliyotoka ni haya: "Bi Zainabu anaumwa." Akaweka gunia chini, akawaita wale wenzake wawili, tukarudi mbio. Tulipomlaza mgonjwa kwenye kitanda, ikaonekana pembe tatu zina watu na moja haina.

"Bwana Ramadhani," Gaspari akasema, "tafadhali, utusaidie nyuma, upande wa kushoto."

Nilidhani ananikejeli. Nikatazama uso wake nikitafuta ile kona ya mdomo iliyokuwa ikitangulia matusi yake. Haikuwepo. Nikainua.

Sijawahi kubeba kitu kizito kama mwanamke yule mwembamba. Kwa kuwa wao walikuwa warefu na mie nilivyo, kitanda kililalia kwangu, na Bi Zainabu akawa anateleza taratibu kuelekea kichwani mwangu. Keko nilijikwaa. Karibu na Gerezani nilijikwaa tena, nikaangusha kofia, nikaiacha. Yeyote mwenye ulimi angekuwa na maneno ya kumtosha mwaka mzima: Mzaramo chini ya mzigo, mla nazi amegeuka mpagazi, nyani amebebeshwa harusi. Niliyangoja. Nayaombea yaje hata sasa. Nilisikia pumzi yake mbele yangu, hatua zake zikifupishwa ili nizimudu, na basi.

Hata Bi Zainabu alichoka kungoja. Akainua kichwa kidogo kutoka kwenye kamba, sauti haina nguvu. "Gaspari, huyu Mzaramo wako ataniua. Mtukane basi atembee."

"Anajitahidi, bibi," Gaspari akasema.

Alipona, Mungu amrehemu, akaishi miaka mingi kunikera. Pale mlangoni mwa hospitali, wauguzi walipompokea, Gaspari alijifuta mkono kwenye suruali, akanipa, mkono mkavu na mpole. "Asante sana, bwana," akasema. "Umetusaidia." Baadaye alirudi kukaa Temeke, akaoa, akasawazisha viwanja vyake, akabeba wagonjwa wake mpaka gari lilipokuja, na katika miaka arobaini na ushei sikumbuki siku tuliyokutana njiani asivue kofia na kuniuliza hali ya nyumbani. Watu walituona, wakawaambia watoto wao: tazameni wazee wale wanavyoheshimiana.